Klarineti saba, viwango vinne, na Noeli inakaribia

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa nimechoka, lakini naomba unisome hadi mwisho.

Mimi ni mwalimu wa kwaya katika parokia moja hapa Lindi mjini. Mwaka jana marafiki wa parokia walioko Ujerumani walituletea klarineti saba zilizotumika, kila moja na sanduku lake, pamoja na pakiti chache za ridi, vile vijiti bapa vya kupulizia. Paroko alinikabidhi mimi kwa sababu nasoma nota na nilijifunza kidogo klarineti nikiwa shule. Nikaunda kikundi cha watu saba.

Viwango vyao ni hivi. Vijana wawili ni hodari, wanasoma chochote unachowawekea mbele. Watatu wako katikati: wanapiga vizuri kuanzia noti za chini mpaka A, ila wakifika B ya mstari wa katikati kinachotoka ni mluzi. Kuna binti wa miaka 11, mwenye hamu kubwa na vidole vifupi. Na kuna mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka 67, anayesoma solfa kama anayesoma gazeti, lakini nota za mistari mitano zinamchanganya na macho yamepungua. Yeye ndiye hufika wa kwanza kila Jumamosi.

Nimehangaika kutafuta nyimbo rahisi za klarineti nyingi. Nilinunua kwenye mtandao wimbo wa sauti nne, umeandikwa "rahisi". Sauti ya kwanza iliwafaa vijana wale wawili, ya pili na ya tatu ziliwashinda walio katikati, na ya nne kumbe ni ya klarineti ya besi, ambayo hatuna. Nikaamua tutumie kitabu cha kwaya jinsi kilivyo. Besi ikashuka hadi noti ambazo klarineti haina, na kinanda kilipoingia ikawa vurugu tupu, kama tunapiga nyimbo mbili. Tena klarineti moja haipatani na zenzake hata niivuteje, na mbili zina vibonyezo tofauti kiasi kwamba ile karatasi ya kuonyesha vidole haifanyi kazi.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni watu. Kijana mmoja hodari ameniambia, "Mwalimu, mwezi mzima napiga noti tatu." Mazoezi yaliyopita alikaa nusu saa akichezea simu wakati nafundisha wengine, kisha akasema kuna kikundi Mtwara kinamwita. Kwa upande mwingine, mjumbe mmoja wa kamati amenishauri nimwambie mzee apumzike ili tusonge mbele. Na msimu wa korosho ukianza, wawili wa katikati huwa wanakwenda shamba wiki mbili tatu mfululizo.

Kamati inataka tupige nyimbo mbili Mkesha wa Noeli. Je, niwagawe vikundi viwili? Niwaache wasioweza? Na nyimbo rahisi za watu kama hawa zinapatikana wapi?

Mwalimu wa Kwaya, Lindi

JIBU

Marahaba Mwalimu, na pole kwa uchovu. Kuongoza watu saba wenye viwango vinne ni kazi nzito kuliko kuongoza arobaini wa kiwango kimoja, kwa hiyo usijione umeshindwa.

Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kwenye fundo moja. Moja ni la nota: tupige nini? La pili ni la watu: nani abaki, nani aondoke, nani akae na nani? Umeyafunga pamoja kwa sababu unaona nyimbo zikishindikana lazima watu wapungue. Naomba tuyafungue. Nadhani la nota likikaa sawa, la watu litakuja kwa sura nyingine, hata kama halitaisha lote.

Tuanze na hilo neno "rahisi". Unatafuta wimbo rahisi, na nadhani hapo ndipo unapopotezewa muda na pesa. Wimbo ambao sauti zake zote ni rahisi utamfukuza kijana wako. Na wimbo ulioandikwa "rahisi" na muuzaji mara nyingi umepimwa kwa mpigaji ambaye tayari anapita vizuri kwenye ile B inayowapigisha mluzi wenzako watatu. Unachohitaji ni wimbo mmoja wenye viti vya vimo tofauti, kila mtu akae kwenye kiti ambacho miguu yake inagusa chini. Wimbo wa namna hiyo ni nadra kuukuta dukani, lakini unaweza kuutengeneza kwa jioni moja na kalamu.

Nikuonyeshe kwa wimbo ambao waumini wako wanaujua: Usiku Mtakatifu, muziki wa Franz Xaver Gruber, ulioimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818. Una mizani (vipande vya mapigo) 12 ukiuandika kwa 6/8, na unasimama kwenye kodi (noti zinazosikika pamoja) tatu tu: ya Do, ya Fa na ya So.

Andika Do iwe F ya chini, ile iliyo kwenye mstari wa tatu wa nyongeza chini ya mistari mitano. Hapo wimbo unaanza kwenye C ya kati (hiyo ni So), unashuka hadi F hiyo ya chini mwishoni, na noti yake ya juu kabisa ni B flati (nusu hatua chini ya B) ya mstari wa katikati, ambayo inakuja mara moja tu kwenye kila ubeti. Yaani wimbo mzima unapigika bila kuigusa ile B ya mluzi. Watatu wa katikati wanaweza kuupiga wote. Na hawasindikizi mtu hapo, wao ndio wanaobeba wimbo wenyewe.

Binti wa miaka 11 mpe noti mbili: C na D. Kwenye kodi ya Do na ya So anapiga C, kwenye kodi ya Fa anapiga D. Noti hizo zinatofautiana kwa kidole kimoja tu, cha pete cha mkono wa kushoto: kikiwa chini ni C, kikiinuka ni D. Mkono wa kulia hauna tundu la kuziba, unashika chombo tu, kwa hiyo ufupi wa vidole haumsumbui. Mizani yake ni hii: C nne, kisha D, C, D, C, halafu C nne za mwisho. Atakariri kwa dakika kumi na atakuwa sehemu ya kodi kamili.

Mzee mpe besi, na mwandikie kwa solfa, herufi kubwa, mizani sita kwa ukurasa: Do, Do, So, Do; Fa, Do, Fa, Do; So, Do, Do-So, Do. Ule mzani wa 11 ndio pekee wenye noti mbili, nusu kwa nusu. Kwenye klarineti yake Do ni F ya chini, Fa ni B flati iliyo juu yake, So ni C ya kati. F ya chini inataka matundu yote yazibwe pamoja na kibonyezo cha kidole kidogo, na tundu la kidole cha pete cha kulia ndilo huvujisha. Ikimsumbua, apande oktavu moja, yaani hadi F inayofuata juu: F hiyo hupigwa kwa dole gumba la kushoto peke yake. Besi itakuwa imepoteza uzito kidogo, lakini haitapiga kelele.

Sasa vijana wako. Mmoja apige wimbo oktavu moja juu ya wale watatu, kuanzia C ya nafasi ya tatu hadi B flati iliyo juu ya mistari. Mwingine mpe noti za kukimbia, sita kwa kila mzani: kodi ya Do ni F, A, C, F, C, A akianzia F ya chini; ya Fa ni B flati, D, F, B flati, F, D; ya So ni C, E, G, C, G, E. Mzani wa 11 ni F, A, C kisha C, E, G. Kwenye kodi hiyo ya So, kutoka G hadi C ya juu, anatoka kwenye noti isiyozibwa tundu hata moja kwenda kwenye noti ambayo dole gumba, vidole sita na kidole kidogo cha kulia vyote vinatua kwa pamoja. Akitaka iteleze bila mkwaruzo, atafanya mazoezi nyumbani. Hao wawili wabadilishane kila ubeti.

Sauti tano, watu saba, wimbo mmoja. Ubeti wa kwanza wapige wale watatu na binti na mzee, polepole. Wa pili ziingie noti za kukimbia. Wa tatu sauti ya juu ijiunge.

Kuna tahadhari moja. Mpango huu unafaa kwa klarineti peke yake, kwa mfano kabla ya Misa au wakati wa tafakari. Usiwaite waumini waimbe humo, kwa sababu wimbo utakuwa juu sana kwa akina mama. Wakitakiwa kuimba, Do iwe C ya kati. Hapo wimbo unafika F ya mstari wa juu, kwa hiyo wataupiga vijana wale wawili, wa katikati wawe sauti ya pili huku chini, binti apige G na A, na mzee apige C, F na G. Kinanda kipige Do ikiwa B flati.

Hilo la kinanda ndilo lililoleta vurugu uliyoieleza. Klarineti ya kawaida ni ya B flati: ukisoma C, inayotoka ni B flati ya kinanda. Kwa hiyo wapigaji husoma hatua moja nzima juu ya kinanda. Kinanda kikiwa B flati, klarineti zisome C. Kikiwa E flati, zisome F. Kikiwa F, zisome G. Hizo tatu ndizo nyumba zenu. Kinanda kikiwa D, klarineti zitasoma E yenye shapu nne (alama za kupandisha noti nusu hatua), na hapo walio katikati watazama. Kama kinanda chenu ni cha umeme na kina kitufe cha kuhamisha sauti, kuna njia fupi zaidi: mpiga kinanda akiweke kwenye -2, kisha nyote msome kitabu kilekile bila kubadilisha kitu. Wimbo utashuka hatua moja, na mara nyingi waimbaji hushukuru. Mkipiga klarineti tupu bila kinanda wala waimbaji, hakuna cha kuhamisha.

Kuhusu kitabu cha kwaya cha sauti nne, kilichokukwamisha ni kwamba noti ya chini kabisa ya klarineti ni E iliyo chini ya ule mstari wa tatu wa nyongeza. Sauti ya teno huishuka mara chache, besi huishuka kila wakati. Ukiipandisha besi oktavu moja itaingia katikati ya sauti nyingine, mara nyingi juu ya teno, na kodi zinageuka kichwa chini; wimbo unasikika kama umeinama upande mmoja. Soprano na alto zipige kwenye klarineti, teno ipandishe pale tu inapozama, na besi iache kwa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, au kwa gitaa la besi, au kwa wanaume wawili wanaoiimba. Ule wimbo ulionunua nao haujapotea. Sauti ya klarineti ya besi huandikwa kwa kawaida kama ya klarineti ya B flati, kwa hiyo mzee anaweza kuisoma vilevile, itatoka oktavu moja juu. Ila itakuwa na hilo tatizo la kodi kugeuka, kwa hiyo ijaribuni kwanza mizani minane kabla ya kuamua.

Ukitaka kununua tena, usitoe hela kabla ya kuona ukurasa wa kwanza wa sauti ya mwisho na ya kabla ya mwisho. Angalia vitu vitatu. Je, zinabaki chini ya B ya katikati? Je, zina shapu moja au flati moja, si zaidi? Je, orodha ya vyombo ni klarineti za B flati tupu? Kuna nota zinazouzwa ambazo sauti zake zimeandikwa ziweze kupigwa na chombo chochote, kikundi chochote, watu wawili kwa sauti moja ikibidi. Hizo zinawafaa ninyi kuliko nyimbo za sauti nne za mtu mmojammoja, ambapo mmoja akikosa, tundu linabaki. Na wewe una watu wa korosho.

Bila kununua, tovuti ya Swahili Music Notes ina nota nyingi za kwaya za watunzi wa kwetu, na baadhi huacha namba ya simu. Mpigie mtunzi umwombe ruhusa ya kuupanga wimbo wake kwa klarineti. Tovuti ya IMSLP ina kazi za watunzi wa zamani zisizo na hakimiliki tena. Vijana wako wanaweza kupata hapo muziki wa Mozart wa K. 439b (namba yake katika orodha ya kazi zake), alioutunga kwa baseti honi tatu, ndugu wa klarineti. Mara nyingi hupangwa kwa klarineti tatu. Na programu ya MuseScore ya kompyuta ni ya bure: unaandika mara moja, inahamisha sauti yenyewe, inatoa karatasi ya kila mpigaji. Mzee mchapie mizani sita tu kwa ukurasa wa A4.

Sasa vyombo, maana baadhi ya lawama unazowapa watu huenda ni za vyombo. Ile isiyopatana na zenzake, itazame vizuri pale juu chini ya chapa: je, imechongwa herufi A? Ilinganishe pia kwa urefu na zenzake. Ya A ni ndefu kidogo. Kama ndiyo, iko nusu hatua chini ya nyingine, na kuivuta hakutasaidia, kunazidi kuishusha. Haijaharibika. Itunze kwa nyimbo ambazo kinanda ni D au A: kwenye D itasoma F, kwenye A itasoma C, wakati wenzake wanahangaika na shapu. Zile mbili zenye vibonyezo tofauti, kwa kuwa zimetoka Ujerumani, zinaweza kuwa za mfumo wa Oehler, unaotumika huko na Austria. Sehemu nyingine nyingi hutumia mfumo wa Boehm. Tafuta karatasi ya vidole ya Oehler, na usimpe anayeanza chombo kimoja leo na kingine kesho. Hizo mbili ziende kwa watu wawili, zibaki kwao.

Ule mluzi wa B una sababu. Kutoka B flati kwenda B, mpigaji anatoka kwenye vibonyezo viwili vya mkono wa kushoto kwenda kwenye matundu yote saba kwa mpigo. Ndicho kivuko cha klarineti, na hakivukwi kwa kupuliza kwa nguvu. Wapige E ya chini kabisa mpaka itoke nene na safi, kisha bila kugusa kidole kingine, wabonyeze kile kibonyezo cha dole gumba kwa nyuma: inaruka yenyewe kuwa B. Kisha F kuwa C, G kuwa D. E ya chini ikivuja, B itapiga mluzi siku zote. Na wanapopiga A na B flati, vidole vya mkono wa kulia viwe tayari vimeziba. Dakika tano kila mazoezi. Kwa nyimbo za Noeli hii lakini, usiwategemee wavuke.

Ridi angalia namba. Wanaoanza wapate 2 au 2 na nusu; ukimpa binti namba 3 atang'ata mdomo na sauti itapanda. Kwenye unyevu wa pwani ridi ikiachwa kwenye kipulizio inaota ukungu na ncha inajikunja, kwa hiyo kila mmoja avue, afute, akaushe juu ya kitu bapa, na awe na tatu za kupokezana. Klarineti za mbao pia zipitishwe kitambaa ndani kabla ya kurudishwa sandukuni. Ukikuta zimetengenezwa kwa mpingo, waambie watoto kwamba mti huo unaota kwenye misitu ya mkoa wenu, Kilwa, Liwale na Nachingwea.

Nirudi kwa watu.

Kugawa vikundi viwili kuna faida ya kweli: kila mmoja anapata kasi yake. Hatari ni kwamba kikundi cha pili hubaki bila mtu wa kukivuta, na wewe ni mmoja. Katikati ya hapo kuna njia nyingine: mazoezi ya dakika 75, ambapo 20 za kwanza wale wawili wako chumba kingine na muziki wao wenyewe, wewe ukiwa na watano, kisha wote pamoja. Hivyo hakuna anayesubiri akishika simu.

Hebu soma tena maneno ya kijana. Alisema napiga noti tatu, na ulimwona amekaa nusu saa bure. Hakusema anawachukia wenzake, wala hakusema anataka kuondoka. Alisema kuna kikundi kinamwita. Inawezekana anataka kubakizwa. Mpe zile noti za kukimbia, na umwombe apange wimbo wa pili wa Noeli yeye mwenyewe, kwa sharti la kila mtu kupata noti anazoziweza. Ni kazi ngumu kuliko kupiga haraka. Ila chunga usimgeuze mwalimu msaidizi wa kila Jumamosi. Vijana hodari huchoka upesi wakifundisha tu bila kupiga. Na akiamua kwenda Mtwara hata hivyo, usifunge mlango. Pengine atarudi Noeli.

Mzee wako je? Kwenye barua yote sijaona mahali aliposema amechoka. Aliyesema ni mjumbe wa kamati. Mtu anayesoma solfa kama gazeti ana jambo ambalo wenzake wengi wanalikosa: anajua Do iko wapi hata ikihamishwa. Huenda ndiye mtu sahihi wa besi, na huenda ndiye wa kumfundisha binti kusikia kodi inapobadilika. Lakini inawezekana pia macho yanamsumbua kuliko anavyoonyesha, au anatamani jukumu jingine na anaona aibu kulisema. Hilo ni yeye wa kulisema, na wewe wa kumuuliza mkiwa wawili, kwa heshima yake, si mbele ya kikundi. Na huyo mjumbe mwalike mazoezini asikie, kabla hujamjibu kwa maneno.

Wa korosho wakiondoka utabaki na mmoja wa katikati kwenye wimbo. Unatosha wewe kumsaidia, au kijana mmoja ashuke oktavu. Ndiyo maana nimeweka watu watatu kwenye sauti moja.

Kwa vile mzee hufika wa kwanza, Jumamosi hii nenda nusu saa mapema. Beba karatasi yenye Do, Fa na So kwa herufi kubwa, mzipige mara moja taratibu mkiwa wawili tu, kisha muulize anaonaje.

Shangazi